Gari Jekundu na Maneno ya Mtani

Nakumbuka siku niliyocheka hadi nikaegemea ukuta wa duka la watu, pale Gerezani, nyuma ya soko la Kariakoo, na kumbe kile nilichokuwa nakicheka ndicho kilichokuwa kweli pekee niliyoambiwa wiki ile nzima. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, shahada ya takwimu, kazi ya ofisini yenye kiyoyozi, na tamaa ya gari jekundu la milango miwili.

Mwanangu, nakuita hivyo huku najua kwamba mimi mwenyewe sijafika arobaini. Nivumilie. Nasaha nilikuwa sizipendi, na hata leo sizipendi sana. Nilipokuwa na umri wako, mtu mzima akianza tu kukohoa kidogo kabla ya kusema, mimi akili yangu ilikuwa imeshatoka nje ya mlango. Kwa hiyo sitakohoa. Nitakusimulia nilivyonunua gari, basi, kwa sababu nimeziona picha unazozihifadhi kwenye simu yako, na zote zina spoila, lile bawa la nyuma.

Kwanza unijue. Nyumbani kwetu ni Kariakoo, baba anauza khanga na vitenge, na sisi ni Wazaramo wa mji huu huu. Pale nyumbani waliniita Kwanini. Nilimuuliza ustadhi wa madrasa kwa nini. Nilimuuliza baba kwa nini anafungua duka alfajiri wakati wateja wanakuja jua likishakuwa kali. Nilimuuliza daktari kwa nini dawa ni mara tatu na si mara nne. Chuo kikuu kikaninoa zaidi, nikatoka huko nikiamini kwamba mtu mwenye maswali mengi hawezi kuuziwa kitu kibovu. Hilo la mwisho sikuwahi kulihoji. Ni jambo moja tu nililoliacha lipite bila kuulizwa, na ndilo lililonikamata.

Mdogo wangu Mwanahawa alikuwa anaolewa Jumamosi. Tulilala kitanda kimoja kwa miaka kumi na minane, yeye ukutani, mimi ukingoni. Katika mambo yote ya harusi hakuwa na makuu. Rangi ya sare waliichagua mashangazi, ukumbi aliuchagua baba. Yeye aliomba jambo moja tu. Aliniambia, "Dada, wewe ndiye unitoe nyumbani. Kwa gari lako. Sitaki gari la kukodi lenye dereva nisiyemjua anayetafuna bazoka."

Gari lenyewe sikuwa nalo. Lakini nilikuwa nimeshaliona.

Muuzaji alikuwa kijana mmoja wa Upanga, anaitwa Deo, mpole, anakaa kwenye maghorofa karibu na hospitali. Alikuwa amepata mtoto wa kwanza, na gari la spoti, kama ujuavyo, halina mahali pa kuweka kiti cha mtoto. Sababu ya kuuza ikanipendeza kwa sababu ilikuwa ya kweli. Nilimsikia mtoto mwenyewe analia dirishani. Nikafika na daftari. Nilikuwa nimesoma mitandaoni usiku mbili, nimeandika maswali kwa mpangilio, na nilimsomea Deo yote akiwa amesimama kwenye jua.

Limewahi kugongwa? Halijawahi. Limewahi kupakwa rangi upya? Hapana. Gia zinaingia zote? Zote, jaribu. Linakula oili? Hapana, angalia mwenyewe. Kadi ina jina lako? Hii hapa. Linadaiwa faini za barabarani? Tukaangalia kwenye simu pamoja, halidaiwi. Nililinganisha namba ya chesesi iliyogongwa kwenye bati na ile iliyoandikwa kwenye kadi, tarakimu moja baada ya nyingine, huku Deo akinishikilia tochi. Zilifanana. Tukazunguka nalo barabara ile ya lami nzuri, laini kama meza. Likavuta. Moyo wangu ukaenda nalo.

Deo akaniachia ufunguo kwa siku moja. "Lipeleke kwa fundi wako dada, ukiridhika tuandikishane." Ulikuwa uungwana, na mimi nikautumia vibaya. Badala ya kulipeleka kwa fundi wa magari, nikalipeleka kwa fundi wa viti. Kiti cha dereva kilikuwa kimechanika ubavuni, na mimi mawazo yangu yote yalikuwa kwenye gauni la Mwanahawa kukwama kwenye uzi.

Mzee Maganga ana kibaraza chake pale Gerezani, cherehani moja nzito, mabunda ya ngozi ya bandia, na sponji limerundikwa hadi juu. Ni Mnyamwezi wa Tabora, na amewashonea viti watu wa Kariakoo tangu baba yangu hajaoa. Kwa kuwa yeye ni Mnyamwezi na sisi Wazaramo, ni mtani wetu. Unajua utani ulivyo. Mtani anaweza kukutukana msibani, akakunyang'anya sahani ya pilau harusini, akajilaza mlangoni mwako mpaka umpe kitu, na wewe huna haki ya kununa. Ukinuna, watu wanakushangaa wewe. Sijawahi kuongea na Mzee Maganga dakika tano bila mmoja wetu kumtukana mwenzake.

"Shikamoo, mpagazi," nikamwambia.

"Marahaba. Mzaramo kanunua gari? Ngoma mmemwachia nani?"

"Sijanunua bado. Nimekuja unishonee kiti, halafu Jumamosi uje harusini ule mpaka ushindwe kuinuka."

"Nitakula, kwani nyie mnapika? Mnachanganya nazi na maji mnaita mchuzi." Akafungua mlango, akaingiza kichwa. Akavuta pumzi kwa pua, mara mbili, kama mama anayenusa maziwa. Kisha akashika mkanda wa kiti, akauvuta wote, taratibu, mpaka ulipogoma, akauangalia mwisho wake. Akapiga goti, akainua kona ya kapeti, akachungulia chini ya kiti.

"Mtani," akasema, "hili gari ni la kabila lenu kabisa."

"Kwa nini?"

"Limekwenda kuoga Msimbazi, likanogewa, likasahau kutoka."

Nikacheka. Mafundi wa jirani nao wakacheka, na yeye akaona amepata watazamaji.

"Nakwambia kweli. Limekaa mtoni mpaka limeota magamba. Hapa chini kuna mchanga wa kutosha kujenga choo. Usilinunue. Ukimweka bibi harusi humu, litamwaga machozi kumzidi mama yake."

"Mzee, wivu tu. Nyie mmezoea kutembea kwa miguu kutoka Tabora mpaka pwani na pembe za ndovu kichwani. Mkimwona mtu amekaa kwenye gari mnaumwa."

"Sisi tulitembea tukafika. Wewe hili halikufikishi Mnazi Mmoja."

Hapo ndipo nilipoegemea ule ukuta. Nilicheka machozi yakanitoka. Mzee Maganga akanitazama kwa muda, mkononi bado ameshika kona ya kapeti, kama mtu anayengoja jambo. Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta tusi la kumrudishia. Akaliachia kapeti. Akashona ubavu wa kiti kwa mshono mzuri hata usiujue, na jioni ile nikaandikishana na Deo.

Mwanangu, tulia hapa kidogo, maana hapa ndipo kosa langu lilipo, na si kosa la ujinga wa magari. Nilikuwa na mizani kichwani. Upande mmoja maneno ya maana, upande wa pili maneno ya mzaha. Deo aliongea polepole, kwa Kiswahili cha adabu, akaniita dada. Nikamweka upande wa maana. Mzee Maganga alinitukana. Nikamweka upande wa mzaha, pamoja na alichokishika mkononi. Mimi niliyemhoji daktari sikumuuliza mzee yule swali moja dogo, umeona nini humo chini? Lilikuwa linahitaji kuinama tu.

Jumamosi ikafika, na ilikuwa siku nzuri. Asubuhi ilinyesha mvua nzito kwa muda, jua likatoka, mtaa ukanukia pilau na udi. Ndoa ikafungwa mchana. Bwana harusi na watu wake wakatangulia ukumbini, ng'ambo ya viwanja vya Mnazi Mmoja. Alasiri tukamtoa Mwanahawa. Gauni lake lilijaza gari mpaka nikawa nabadilisha gia kwa kupapasa ndani ya shela. Mbele yetu pikapu ya matarumbeta, nyuma yetu magari ya ndugu na bajaji mbili zilizojiunga bila kualikwa. Wachuuzi wakasogeza meza zao, wapagazi wakasimamisha mikokoteni, watu wakapiga vigelegele kutoka kwenye vibaraza vya ghorofani.

"Dada," Mwanahawa akasema, "naomba usiende mbio."

"Ningependa kwenda mbio. Mbele ya pikapu kuna mkokoteni wa viazi."

Akacheka. Nitakumbuka kicheko kile. Kisha dirisha la upande wake likashuka lenyewe.

Nikabonyeza lipande. Likapanda, na la kwangu likashuka. Waipa zikaanza kufuta kioo kikavu. Taa ya ndani ikawaka, ikazima, ikawaka. Nikamwambia ni kitu kidogo. Tulipopita shimo lenye maji ya mvua ya asubuhi, honi ikalia, na haikunyamaza tena. Wapiga matarumbeta wakadhani tunawahimiza, wakaongeza kasi ya wimbo. Wale wa bajaji nao wakashika honi zao. Kwa dakika mbili tatu hivi tulikuwa msafara wenye furaha kuliko yote iliyowahi kupita mtaa ule, na mimi peke yangu ndani yake nilikuwa natokwa jasho la miguu.

Pale tulipotokeza Mnazi Mmoja, gari likazima. Lilizima lote, kila kitu, hata honi. Moshi mwembamba ukatoka chini ya dashibodi, unanuka plastiki. Nikamfungulia Mwanahawa mlango kwa kuuvuta kutoka nje, maana kwa ndani haukufunguka. Akatoka na gauni lake lote, akasimama pembeni ya barabara. Ukumbi ulikuwa unaonekana kule ng'ambo, na kati yetu kulikuwa na uwanja mzima wenye matope.

Sikuweza kumtazama. Jambo moja tu aliloliomba katika harusi nzima.

Shangazi Tatu, dada wa baba, akashuka kwenye gari la nyuma akiwa ameshikilia kichwa. Baba akaja, akalitazama gari, akanitazama mimi. Na hapo ikasikika sauti ya kilio. Kilio kikubwa, cha msiba hasa.

Alikuwa Mzee Maganga, amevaa koti lake la sherehe. Alikuwa kwenye moja ya magari ya nyuma. Akaja akilia, akajitupa juu ya boneti.

"Amekufa! Mtoto wa Kizaramo amekufa kijana, hata mahari hajalipiwa! Nani atamzika? Watani tupo!" Akamvua Shangazi Tatu khanga ya begani, akaifunika boneti kama jeneza. "Wapagazi wako wapi? Njooni. Babu zetu walibeba mizigo toka bara mpaka hapa hapa. Tutashindwa na hiki kijiko?"

Wapagazi wanne wa Kariakoo waliokuwa wanapita wakaacha mikokoteni yao, wakaanza kulisukuma gari pembeni huku wanaimba. Baba ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kiuno. Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka huku nalia, na sikujua kipi kilikuwa kipi.

Mwanahawa akanishika mkono. "Dada. Nilisema wewe ndiye unitoe. Gari nilitaja kwa sababu ulikuwa unaliongelea kila siku mpaka kwenye kula. Sasa nitoe."

Mashangazi wakavua khanga zao. Moja ikatandikwa kwenye matope, kisha ya pili mbele yake, kisha ya tatu. Tukavuka Mnazi Mmoja hivyo, mimi nimemshika mdogo wangu mkono, matarumbeta yanatembea kwa miguu mbele yetu, wanawake wakiokota khanga za nyuma na kukimbia kuzitandika mbele. Watu waliokuwa wanapita zao uwanjani wakajiunga. Mama mmoja nisiyemjua alivua mtandio wake akautandika nao. Nimehudhuria harusi nyingi, na sijaona bibi harusi aliyeingia ukumbini akiwa amekanyaga nguo nyingi hivyo za watu wanaompenda.

Jumatatu nikaenda kwa Mzee Maganga. Gari lilikuwa limevutwa mpaka pembeni ya kibaraza chake. Nikamsalimia, shikamoo, bila tusi. Akaitika. Kisha kwa mara ya kwanza katika maisha yangu akaongea na mimi bila utani, na mwanangu, nilijisikia kama niliyevuliwa viatu mbele za watu.

"Nilikwambia," akasema.

"Nilidhani ni utani, mzee."

"Ulikuwa utani. Ungetaka nikwambieje? Nisimame mbele ya watu nimtukane muuzaji nisiyemjua? Nikwambie wewe, msomi, kwamba umefanya ujinga? Ungenuna ukaondoka. Mimi na wewe tumepewa njia ya kuambiana mabaya bila kugombana, na wewe ukaitumia kuchekea tu. Nilishika kapeti mkononi nakusubiri uulize. Wewe unaitwa Kwanini. Kwa mtu mwenye daftari unauliza, kwa mtu anayekuchekesha huulizi?"

Akanionea huruma, akaniambia niiname.

Akanionyesha. Mkanda ukiuvuta mpaka mwisho, ile sehemu isiyotoka kila siku ilikuwa na mstari wa rangi ya udongo, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Hapo ndipo maji yalipofikia. Chini ya kiti, reli na nati zake zilikuwa na kutu, wakati bati la nje linang'aa. Kutu ya mahali ambapo mvua haifiki huwa imeletwa na mafuriko. Chini ya kapeti mchanga laini, ule wa mtoni. Kwenye taa za nyuma, ukungu kwa ndani. Harufu ya manukato ya gari ilikuwa kali kuliko kawaida, na chini ya manukato kulikuwa na harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi. "Watu wanaosha nje, wanapiga rangi," akasema, "lakini viti kuving'oa ni kazi. Hawaving'oi. Ndiyo maana gari ukitaka likwambie ukweli, anzia kwenye viti." Akanionyesha pia kwamba kiti cha dereva na kanyagio la klachi vilikuwa vimelika sana kuliko kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi. "Hayo mengine ya injini mimi siyajui. Tafuta fundi. Lakini awe wako, asiwe wa kuletewa na anayeuza."

Nikaenda Upanga kwa Deo nimejaa hasira. Akanisikiliza, mtoto amemweka begani. Akasema, "Dada, uliniuliza kama limegongwa, sikukudanganya. Uliuliza rangi, sikukudanganya. Ulinisomea kama mtihani, na mimi nikajibu mtihani. Zile mvua za mafuriko lilikuwa limeegeshwa Jangwani, bondeni mwa Msimbazi, kwa mjomba. Ulipofunga daftari ukasema umemaliza, nikashukuru Mungu." Akainamisha kichwa. "Ningekwambia. Najua ilinipasa nikwambie." Nikaondoka hasira imenipungua, kwa sababu kosa lake nililielewa vizuri kuliko langu.

Lile gari nilikaa nalo karibu mwaka. Fundi wa umeme akabadilisha nyaya nusu, nusu nyingine zikaendelea na mambo yao. Nilipoliuza, alikuja kijana mmoja na maswali kwenye simu. Akaanza, limewahi kugongwa? Nikamwambia, "Kijana, weka simu mfukoni. Hili limezama. Vuta mkanda huo uone." Akauvuta, akanitazama kama mtu aliyekutana na jini mwema. Alilichukua kwa kutaka injini na milango, akijua anachochukua. Usiku huo nililala vizuri.

Sasa, mwanangu, wewe na spoila zako. Sikukatazi. Raha ya gari lile likivuta naijua, na sitajifanya siijui. Ila ukienda kuliona, nenda asubuhi, na kabla hujasalimia sana weka kiganja kwenye boneti. Likiwa la moto, mtu amekutangulia kuliamsha, na injini mbovu huficha maradhi yake ikishapata joto. Mwambie utarudi likiwa limepoa. Likiwaka, simama nyuma uangalie moshi. Wa bluu ni oili inaungua. Mweupe mzito usiokoma, na kifuniko cha oili kina utando kama mtindi, maji yameingia pasipotakiwa. Mwenye gari la spoti wa kabla yako hakulinunua ili aliendeshe kwa upole, kwa hiyo liingize gia kubwa ukiwa mwendo mdogo, kanyaga mafuta: injini ikinguruma na gari halisogei, klachi imekwisha. Angalia tairi upande wa ndani, si wa nje. Angalia nati za boneti na bawaba za milango kama zimekwaruzwa na spana, maana rangi inadanganya na nati haziwezi. Kama limeshushwa chini au limebadilishwa ekzosi, uliza aliyefanya ni nani, kisha umtafute.

Usilijaribu Upanga kwenye lami laini. Lilete kwetu, lipande matuta, na umbebe shangazi mmoja mnene na mwenzake. Ukimaliza, kabla hujalipa, pita maduka ya vipuri ya Gerezani uulize klachi yake, bampa lake la mbele na taa moja. Wakikutazama kama umeulizia sehemu za ndege, tafakari. Kadi, chesesi, faini, hayo niliyafanya mimi na yalikuwa sawa; yafanye. Halafu ving'oe viti.

Lakini hayo yote utayapata popote. Lile la kwangu ni hili. Uliza sana, usiache kuuliza kamwe, ila usidhani anayestahili kuulizwa ni yule tu aliyevaa vizuri na kukujibu kwa utaratibu. Mwenye kuuza atakujibu swali lako; gari litakujibu hata lile usiloliuliza, ukiinama. Na mtu anayekucheka kwa mapenzi, akitaja jambo moja mara tatu ndani ya mzaha wake, cheka, maana utani ni raha yetu, ukimaliza futa machozi umuulize umeona nini.

Mungu akupe gari linalowaka asubuhi likiwa baridi. Akupe barabara kavu na abiria unaowapenda. Akupe watani wenye midomo mirefu, wakutukane mapema, kabla hujatia saini. Na siku utakayokwama, kwa kuwa utakwama, akupe watu wa kukutandikia nguo zao, uvuke.